Tumbo la mtoto linauma, dawa ya minyoo kashapewa, mbona bado?

Mtoto akisema tumbo linauma wazazi wengi tunakimbilia dawa ya minyoo, kile kidonge kimoja cha kutafuna, na likiuma tena baada ya wiki mbili anapewa kingine. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuangalia choo cha watoto kwenye hadubini, na naomba niliseme hili wazi: hicho kidonge ni kizuri sana kwa kazi yake, ila hakiui kila kitu kinachoishi tumboni, na matumbo mengi ya watoto yanayouma hayana mnyoo hata mmoja.

Kukosa choo tu, mtoto anamaliza siku tatu nne hajaenda haja kubwa, ni sababu kubwa mno ya maumivu na watu hawaifikirii kabisa. Kuna UTI, kuna maumivu yanayoletwa na wasiwasi, na hata nimonia inaweza kumfanya mtoto mdogo ashike tumbo badala ya kifua. Halafu kuna watoto kibao wana minyoo michache na hawaumwi popote, kwahiyo hata sisi tukiona mayai mawili matatu haina maana ndo yanayomuumiza, hapo daktari lazima aangalie na mengine.

Sasa hao wanaoishi tumboni wako makundi mawili na kuyachanganya ndo kunaharibu matibabu. La kwanza ni minyoo yenyewe: askarisi (ile minyoo mikubwa ya mviringo), minyoo mjeledi na safura. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama bilioni 1.5 wanayo hii minyoo inayoenea kupitia udongo. Askarisi jike mmoja anataga mayai kama 200,000 kwa siku, yanatoka na choo, yanakaa kwenye udongo wiki mbili au zaidi ndo yanakomaa na kuweza kuambukiza, mtoto akiyameza vinatoka vijinyoo vichanga vinatoboa utumbo, vinaingia kwenye damu, vinafika mapafuni, vinapanda kooni na kumezwa tena, ndo maana wengine wanaanza kukohoa kabla tumbo halijasema kitu. Safura mara nyingi inapenya ngozi ya miguu isiyo na viatu, na ikishafika kwenye utumbo inanyonya damu kidogokidogo mpaka viganja vya mtoto vinapauka. Hawa albendazole, dawa ya minyoo ya kidonge kimoja, inawafaa, miligramu 400, na mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anapewa 200. Mjeledi ni mbishi lakini, dozi moja mara nyingi haimmalizi.

Kundi la pili ni vijidudu vya seli moja, jiadia na amiba. Jiadia ndo inayotupotezea watoto muda: anaharisha, anapona, anaharisha tena, choo kinanuka vibaya sana na kina mafutamafuta, tumbo limejaa gesi, uzito hauongezeki. Kidonge kimoja cha minyoo hakiitibu, ina dawa zake kama metronidazole au tinidazole kwa dozi ya daktari. Amiba nayo imekuwa jina la kila tumbo linalosokota. Ukweli ni kwamba kuna amiba inayoumiza na kuna ndugu yake asiye na madhara, na kwenye hadubini magamba yao, yaani amiba aliyejifunga ndani ya ganda, yanafanana kabisa, hatuwezi kuyatofautisha mpaka tumkute amiba amemeza chembe nyekundu za damu au tufanye kipimo kingine. Kwahiyo mtoto hana damu kwenye choo, haharishi, na karatasi imeandikwa amiba, muulize daktari kwanza kama kweli anahitaji dawa, usirudie dozi mwenyewe kila mwezi.

Sasa sampuli, maana hapa ndo majibu mengi yanapoharibikia. Choo tunacholetewa mara nyingi kimechotwa kutoka kwenye nepi iliyolowa mkojo, au kimekaa tangu usiku, au ni kipande kidogo kisichotosha hata kupaka kioo. Amiba hai kwenye choo cha kuharisha anakufa haraka, tunatakiwa tumuone ndani ya nusu saa, kwahiyo mtoto anayeharisha bora atoe choo hapohapo kituoni. Choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Kiasi cha ukubwa wa njegere moja kinatosha, na kama kuna sehemu ina kamasi au damu chota hapohapo, usiiache kwa kuona kinyaa, ndo sehemu tunayoitaka. Jiadia haitoki kila siku, leo ipo kesho haipo, kwahiyo jibu moja la "hakuna kilichoonekana" halitoshi kwa mtoto mwenye dalili, leta sampuli tatu za siku tofauti. Najua ni usumbufu, ila ni afadhali kuliko kubahatisha dawa miezi sita.

Kuna mmoja ambaye kipimo cha choo kinamkosa mara nyingi, minyoo uzi, vile vijinyoo vyeupe vidogo vinavyotoka usiku kutaga mayai nje kwenye njia ya haja kubwa, mtoto anajikuna na kulala kwa shida. Huyu tunampata kwa selotepu: asubuhi mtoto akiamka tu, kabla hajaoga wala kwenda chooni, gandisha upande wenye gundi kwenye ngozi ya pale anapojikuna, kisha ibandike kwenye kioo cha maabara ulichopewa. Akikutwa nayo watibiwe wote wa nyumba hiyo siku moja na dozi irudiwe baada ya wiki mbili, kwasababu dawa inaua mnyoo ila haiui mayai. Kata kucha fupi, fua mashuka na nguo za ndani.

Tumbo lililovimba na kuwa gumu, kutapika matapishi ya kijani, damu kwenye choo, maumivu yaliyohamia chini upande wa kulia, hapo usisubiri maabara wala dawa ya minyoo, mpeleke hospitali muda huohuo. Askarisi wakiwa wengi wanaweza kuziba utumbo na huyo ni mtoto wa kuonwa na daktari wa upasuaji.

Na mtoto aliyetibiwa jiadia akaendelea kujaa gesi na kuharisha kila akinywa maziwa, usiseme dawa imeshindwa. Utumbo ulioumizwa unaweza kushindwa kusaga sukari ya maziwa kwa wiki kadhaa hata kama kijidudu kimeshaisha, kwahiyo mwambie daktari, leteni choo kipimwe tena, na dozi ya pili itolewe kama jiadia bado inaonekana.