Transista moja na betri moja: saketi ya kwanza ya gitaa kwenye ubao wa majaribio

Anayetaka kujitengenezea kifaa cha kubadili sauti ya gitaa asianze na lehemu. Vijana wengi wanaofika kwenye karakana yangu hapa Lubumbashi, wapiga gitaa wa kwaya na wa bendi ndogo za Kamalondo na Katuba, huja na mchoro walioupata kwenye simu pamoja na saketi iliyokwisha kulehemewa, wakiuliza: «Papa, mbona hailii?» Huwaomba tuchomoe kila kitu na kukipanga upya kwenye ubao wa majaribio, kwa sababu hapo rezista hubadilishwa kwa sekunde chache huku mwenzako akiendelea kupiga, na sikio ndilo linaloamua thamani ipi ibaki.

Ubao huo ni bamba la plastiki lenye matundu yaliyoachana kwa milimita 2.54, na ndani yake mna vibanio vya chuma. Matundu matano ya kila safu fupi yameunganishwa. Mfereji wa katikati hutenga safu za upande mmoja na za upande wa pili. Mistari mirefu ya kandokando ndiyo ya umeme. Kwenye baadhi ya mbao za matundu 830 mistari hiyo mirefu imekatika katikati, na pengine dalili pekee ni pengo dogo katika rangi. Ipime kwa maltimeta kabla ya kuchomeka chochote, la sivyo nusu ya saketi yako haitapata umeme na utamlaumu transista bure.

Waya wa nyuzi nyingi hujikunja kwenye tundu na kuacha vinyuzi vinavyogusa safu ya jirani. Zinazofaa ni nyaya ngumu za ndani ya kebo ya intaneti, zenye unene wa nusu milimita hivi, ambazo mafundi wa mitandao hutupa vipande vyake baada ya kazi. (Mji unaoishi kwa shaba, nasi tunaokota waya kwenye taka.) Jeki ya milimita 6.35 na potenshiometa haziwezi kukaa vizuri kwenye ubao, kwa hiyo hizo ndizo sehemu pekee ninazoruhusu zilehemewe mapema: mwisho wa kila waya wake tia kipande cha mguu wa rezista kilichokatwa, kigumu na chembamba, kiingie tunduni bila kulegea.

Kwa mwanafunzi ninachagua saketi moja tu, kikuzaji cha transista mmoja ambacho kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ilikiuza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la LPB-1. Ishara ya gitaa hupita kwenye kapasita ya mikrofaradi 0.1, iliyoandikwa 104, ikaingia kwenye besi, mguu wa transista unaodhibiti umeme kati ya miguu yake mingine miwili, kolekta na emita. Besi hiyo inashikiliwa na rezista mbili: ya kilo-omu 430 inayotoka kwenye chanya ya volti 9, na ya kilo-omu 43 inayokwenda hasi. Kolekta hupata umeme kupitia kilo-omu 10, emita hushuka hasi kupitia omu 390, na kutoka kwenye kolekta ishara hupita kapasita nyingine ya 104 hadi potenshiometa ya kilo-omu 100, ambayo ndiyo sauti. Ukuzaji wake hukadiriwa kwa kugawanya 10,000 kwa 390, yaani karibu mara 25. Ukikosa 430 na 43, tia 470 na 47; uwiano ndio muhimu.

Transista wa aina ya NPN wa ishara ndogo karibu wote wanafaa, na redio mbovu kwa mafundi wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, zimejaa hao. Tatizo ni miguu. Ukiushika upande bapa ukutazame na miguu ikielekea chini, BC547 husomeka kutoka kushoto kolekta, besi, emita. 2N3904 husomeka emita, besi, kolekta. Na C945 au C1815, ambao ndio utakaowakuta zaidi kwenye redio za Kijapani, husomeka emita, kolekta, besi. Aliyeunyofoa C945 na kuuchomeka mahali pa BC547 kwa kufuata mchoro wa BC547 hatapata kikuzaji hata kama kila rezista iko mahali pake.

Kabla ya kuunganisha gitaa, unganisha betri na upime. Weka ncha nyeusi ya maltimeta kwenye hasi. Besi inapaswa kuwa karibu na volti 0.7, emita ikiwa chini yake kwa takriban volti 0.6, na kolekta iwe kati ya volti 4 na 6, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na ya kushuka. Kolekta ikisoma volti 9 kamili, transista hapitishi umeme: ama miguu imegeuzwa, ama besi haijaunganishwa na kilo-omu 430. Ikisoma karibu na nusu volti, transista amefunguka kupita kiasi, na mara nyingi ni ile rezista ya kilo-omu 43 ambayo haijafika hasi kwa sababu imechomekwa safu moja pembeni. Vipimo hivi vitatu huonyesha makosa mengi kuliko kukodolea macho nyaya kwa saa nzima.

Volti zikiwa sahihi na sauti bado haisikiki, tumia amplifaya yenyewe kama chombo cha kupimia. Chukua kebo inayoingia kwenye amplifaya, hasi yake iunganishe na hasi ya ubao, na kwenye waya wa ishara tia kapasita ya 104 ambayo mguu wake wa pili utakuwa kama kidole chako cha kupapasia. Punguza sauti, mwenzako apige uzi mmoja, kisha gusa kwenye jeki, baada ya kapasita ya kwanza, kwenye kolekta, na mwisho kwenye potenshiometa. Pale ishara inapopotea, kosa liko kati ya hapo na ulipogusa kabla yake. Bila osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, hakuna njia bora kuliko hii.

Sasa ndipo kazi ya sikio inapoanza, na hapa nina msimamo. Michoro mingi ya mtandaoni imechorwa kwa ajili ya roki, hali mpiga solo wetu, sebene (sehemu ya wimbo ya kuchezea ambapo gitaa hutawala) ikianza, anataka sauti safi inayopenya juu ya gitaa la besi na gitaa la kuongozea mdundo. Mwingilio wa kikuzaji hiki una ukinzani mdogo, kati ya kilo-omu 20 na 30, na huielemea pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, hadi ung’avu wake unapungua. Kapasita ya kwanza, kwa kupunguza sauti nzito, inaweza kurudisha sehemu ya uwiano kati ya sauti nzito na ung’avu. Ikiwa ni 104, mpaka wa chini, ambao sauti nzito kuliko huo huanza kupunguzwa, uko karibu na hezi 60, chini hata ya uzi mnene wa E wenye hezi 82, kwa hiyo kila kitu kizito hupita. Weka 223 (mikrofaradi 0.022) badala yake, na mpaka huo utapanda hadi karibu na hezi 280. Weka 103 (mikrofaradi 0.01), nao utafika karibu na hezi 600. Mimi kwa sebene hubaki na 223, kwa kuwa 103 huikondesha sauti mpaka ikawa kama ya redio ya mkononi. Wewe sikiliza zote tatu kwa gitaa lako na spika yako mwenyewe.

Ukitaka mkwaruzo, ongeza dayodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mbili aina ya 1N4148 zilizoelekeana kinyume, kutoka baada ya kapasita ya pili kwenda hasi. Kila wimbi linalopita takriban volti 0.6 hukatwa kilele. Dayodi nyekundu za taa (LED) huacha wimbi lifike karibu na volti 1.7, hivyo sauti inakuwa kubwa na isiyobanwa sana; za madini ya germaniamu, ambazo redio nyingi za zamani zilikuwa nazo kwenye kigunduzi, hukata mapema, karibu na volti 0.3, na sauti hupungua ikalainika. Jaribu pia dayodi mbili mfululizo upande mmoja na moja upande wa pili. Kukata kusikolingana huleta mkwaruzo wa tabia nyingine, ambao baadhi ya wapigaji huuona wa joto zaidi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena. Kwa mfano, ukiiondoa omu 390 na kuweka kilo-omu 1, ukuzaji unashuka hadi karibu mara 10 kama ulivyotaka, lakini kolekta nayo inapanda kupita volti 7, na upande mmoja wa wimbi unakosa nafasi. Itakubidi urekebishe pia rezista za besi.

Kuhusu umeme, tumia betri ya mraba ya volti 9. Saketi hii hula chini ya miliampia 1, kwa hiyo betri nzuri hudumu mamia ya saa, na SNEL, shirika letu la umeme, ikikata haikuhusu, ingawa amplifaya itanyamaza. Chaja za bei ndogo huleta mvumo ambao mwanafunzi hudhani ni kosa lake. Hata kwa betri, ubao usio na kasha la chuma hunasa mvumo wa taa na wa transfoma. Fupisha nyaya na usogee mbali na amplifaya kabla ya kuanza kubadilisha vipuri.

Ukiridhika, piga picha ya ubao kutoka juu na kutoka kila upande, andika thamani zote kwenye karatasi, ndipo uwashe chuma cha kulehemu. Kwenye kasha ongeza rezista ya mega-omu 1 kati ya mwingilio na hasi, kabla ya kapasita ya kwanza. Bila hiyo kapasita hubaki na chaji isiyo na njia ya kutoka, na kila ukikanyaga swichi spika itatoa kishindo.