Seli zimegoma kusogea? Acha kupandisha volti

"Hazisogei, ngoja niongeze volti." Kati ya dhana potofu zote za dielektroforesisi (kusogeza seli kwa uga wa umeme usio sawa kila mahali), hii ndiyo inayochosha. Mtu kaosha seli kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), kazitia kwenye chipu yenye elektrodi, kapandisha kutoka volti 10 hadi 20, kisha analalamika kwamba elektrodi imebabuka. Itaachaje kubabuka? PBS hupitisha umeme kwa kiasi cha siemensi 1.5 kwa mita, kuzidi hata sitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli. Humo seli zitasukumwa mbali na kingo za elektrodi kwa frikwensi zote unazotumia kila siku, na volti haigeuzi mwelekeo. Ukiizidisha mara mbili, nguvu juu ya seli hupanda mara 4, joto mara 4, na mikondo ya maji inayozaliwa na joto hilo mara 16. Kwa hiyo seli zinazunguka ovyo badala ya kujipanga.

Badili maji, uweke yanayopitisha umeme kidogo. Sukrosi gramu 85 na glukosi gramu 3 kwa lita, kisha PBS matone machache mpaka kipimo cha upitishaji umeme kisome mikrosiemensi 100 kwa sentimita (ndiyo milisiemensi 10 kwa mita, wengi huchanganya hapa). Osha seli mara tatu kwenye mashine ya kuzungusha (sentrifuji), kwa nguvu ya 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia), dakika 5 kila mara. Halafu pima maji yenye seli ndani, si yale ya kwenye chupa! Chumvi iliyobaki huharibu kila kitu, na seli zenyewe huvujisha ayoni, kwa hiyo baada ya nusu saa pima tena. Anza na volti 10, kilele hadi kilele, kisha badilisha frikwensi kutoka kilohezi 10 hadi megahezi 1 ukitazama kwenye hadubini.

"Seli ina chaji hasi, itakimbilia chanya." Hiyo ni elektroforesisi, ambako chaji ya kitu ndiyo inayokisogeza. Hapa mkondo ni geu, na kinachovuta ni uga wa umeme usio sawa. Sahani mbili bapa zinazotazamana hazitakupa kitu.

"Zilizokufa hazisogei." Husogea. Hamira hai na mfu hutenganishwa hivyo hivyo, moja ikivutwa na nyingine ikifukuzwa.

"Umeme unaua seli." Mara nyingi muuaji ni joto, au kukaa mno kwenye sukari. Chini ya kilohezi 1 jihadhari na mapovu.

"Mbinu hii haihitaji rangi wala alama, basi itachagua seli yoyote." Inachagua hasa kwa ukubwa na hali ya utando wa seli. Nguvu hufuata kipeo cha tatu cha nusu kipenyo, hivyo seli mbili zilizogandana huvutwa kama jitu moja. Chuja kwa wavu wa mikromita 40 kabla ya kunilaumu.