Si kila huzuni ni "usiku wa giza"

"Sista, niko kwenye usiku wa giza." Hakuna mafungo ninayoongoza nisilisikie neno hilo. Ni neno la Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa na mshairi wa Hispania, juu ya ukavu wa kiroho ambao kwa huo Mungu humtakasa mtu. Aliyeachishwa kazi yuko usikuni, aliyegombana na mumewe yuko usikuni. Halafu akaletwa mama mmoja ambaye kwa wiki tano alikuwa halali, chakula anakionja tu, nywele hachani. Nilimkuta ameshika rozari, vidole vimeganda kwenye punje moja. Wenzake jumuiyani walikuwa wamemwambia avumilie, maana hata Yohane wa Msalaba alipita humo. Siku hiyo hatukusali sana. Nilimpeleka hospitali, akakutwa na sonona, akaanza matibabu.

Kinachoniuma ni kwamba Yohane mwenyewe alishalisema jambo hili karne ya 16. Waganga wa enzi zake waliita hali hiyo melankolia, naye aliijua. Ndiyo maana alipoeleza usiku wa hisi, ule wa kwanza, alitoa alama tatu za kuutambua. Alama ya kwanza, mtu haonji tena utamu katika mambo ya Mungu, wala haupati kwingine kokote. Anayechoka kusali lakini sherehe hazimchoshi, huyo amepoa tu. Ya pili, moyo haumtulii kwa Mungu: anaumia akidhani kwamba hamtumikii, kwamba anarudi nyuma. Ya tatu, kutafakari kwa picha na mawazo kama alivyozoea hakuwezekani tena, hata akijikaza.

Zote tatu, kwa pamoja! Ile ya kwanza peke yake, anasema, inaweza kutokana na melankolia, kwa hiyo anadai na ya pili iwepo. Tena anakubali kwamba ugonjwa na usiku vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja, na utakaso ukaendelea vilevile. Basi meza dawa ulizoandikiwa na uendelee kusali. Kidonge hakimfukuzi Mungu.

Na nani aliwaambia kwamba usiku huo ni msiba? Kwa Yohane, usiku huo kwanza ni shairi la mapenzi, beti nane. Mpenzi anatoka kwa siri nyumba ikiwa imetulia, hana taa ila ile inayowaka moyoni mwake, naye anausifu usiku kuwa unapendeza kuliko alfajiri. Kila anayekuja kwangu na ufafanuzi Yohane aliouandika juu ya shairi hilo mkononi namwambia aufunge kwanza, asome shairi, kwa sauti, mara tatu. Akishalisikia, ndipo tunafungua pale Yohane anapozungumzia ukuni. Moto ukiugusa unaanza kuukausha, unautoa machozi, unaufanya mweusi na wenye harufu mbaya, mwishowe ukuni wenyewe unakuwa moto. Aliyewahi kupuliza kuni mbichi jikoni hahitaji nimweleze zaidi. Moshi ule si dalili kwamba moto umeondoka.

Yohane aliwahi kutiwa kifungoni, na wapo wanaosema alifungwa na maadui wa Kanisa. Hapana. Ni ndugu zake Wakarmeli, watawa wa shirika lake mwenyewe, waliopinga urekebisho wa shirika hilo alioushika pamoja na mtawa mwenzake Teresa wa Avila. Walimfungia Toledo tangu Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, na humo ndimo alimotunga beti nyingi za shairi lake jingine, Wimbo wa Kiroho.

Wengine wanamtaja wakitaka wathibitishiwe maono yao. Hakuna mtakatifu wa kuwafaa kidogo kuliko huyu! Yeye anafundisha kwamba Mungu amesema yote katika Mwanae, na anayedai maono mapya anamkosea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inamnukuu hivyo, namba 65.

Na hili la kwamba ni Mwalimu wa watawa tu, nalo si kweli. Kanisa lilimtangaza Mwalimu, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yanalifaa Kanisa lote, mwaka 1926, na ni Mwalimu wa Kanisa zima. Ufafanuzi wa shairi lake Mwali Hai wa Mapendo aliuandika kwa ombi la mlei, Ana de Peñalosa, mama mjane. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye, huko Kraków, Poland, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mlei mwingine, Jan Tyranowski, fundi cherehani, alikuwa akiwafundisha vijana wa parokia yake kusali, na maandiko ya Yohane aliyajua vizuri. Mmoja wa vijana hao, Karol Wojtyła, alivutwa mno, akaandika tasnifu yake ya udaktari kule Roma juu ya imani kadiri ya Yohane wa Msalaba. Ndiye tuliyekuja kumwita Papa Yohane Paulo II.