Je, wajua kwa nini skuta ya umeme humwangusha mtu bila kuguswa na gari?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukisema skuta, wengi wetu tunaona ile pikipiki ya kukalia mfano wa Vespa. Ninayoizungumzia hapa ni nyingine: kibao chembamba cha kusimamia, magurudumu mawili madogo, fimbo ya usukani mbele na betri chini ya nyayo. Ni ile ile ya watoto ya kusukuma kwa mguu, ila hii imetiwa mota. Ndugu zetu walioko Dubai au London wameshaizoea, na wapo wanaoendea nayo kazini.

Skuta hizi za kukodi kwa simu zilianza kumwagwa mitaani mwaka 2017 huko Santa Monica, California, na kampuni iitwayo Bird. Madaktari wa chuo kikuu cha UCLA, ambao hospitali zao ziko jirani, wakaamua kuhesabu. Kuanzia Septemba 2017 hadi Agosti 2018, idara mbili za dharura zilipokea majeruhi 249 wa skuta, na 228 kati yao walikuwa waendeshaji. Hesabu hiyo ilichapishwa Januari 2019. Ukimuuliza mtu yeyote hatari ya skuta iko wapi, atakujibu: magari. Na kweli gari likikugonga hakuna balaa kubwa kuliko hilo. Lakini kati ya wale waendeshaji, waliogongwa na gari au kitu kingine kinachokwenda hawakufika 9 katika 100. Watu 8 katika kila 10 walianguka wenyewe.

Wenyewe vipi? Tuanze na gurudumu.

Kama umewahi kuburuta begi la magurudumu kwenye kokoto za stendi ya mabasi, jibu unalo tayari. Kwenye sakafu ya vigae begi linateleza lenyewe. Likifika kwenye kokoto linagoma, linapinduka, mwisho unalibeba kichwani. Mwenye baiskeli anapita kokoto zile zile akipiga mluzi.

Gurudumu la skuta nyingi lina kipenyo cha inchi 8 hivi, yaani sentimita 20. La baiskeli ya mtu mzima linakaribia sentimita 70. Sasa chukua kipande cha njia kilichoinuliwa na mzizi wa mti, kimo chake sentimita 5, ukiweke mbele ya vyombo vyote viwili. Ekseli ya baiskeli iko sentimita 35 kutoka ardhini, kwa hiyo ukingo ule unaligusa gurudumu chini kabisa, karibu na ardhi, nalo linapanda. Ekseli ya skuta iko sentimita 10 tu. Ukingo ule ule unaligusa gurudumu nusu ya njia kuelekea ekseli, na kwa gurudumu dogo hivyo, huo ni ukuta. Nimepiga hesabu ya msukumo unaotakiwa kulivusha gurudumu taratibu: kwa baiskeli ni kama sehemu sita katika kumi za uzito uliolielemea, kwa skuta ni mara moja na robo tatu ya uzito huo. Karibu mara tatu, kwa mzizi ule ule.

Basi gurudumu limegoma, skuta imesimama. Mpandaji hajasimama.

Kwenye baiskeli umekaa, makalio yako nyuma kabisa ya gurudumu la mbele. Kwenye skuta umesimama wima, na uzito wa mtu aliyesimama hukusanyika karibu na kitovu, zaidi ya mita moja juu ya ardhi ukijumlisha na kimo cha kibao. Miguu inazuiwa chini, kitovu kinaendelea na safari, na usukani uko pale pale kiunoni kukukata ngwara. Unakwenda kichwangomba. Yote haya yanaisha kabla hujamaliza kusema "yalaa".

Kinachoumia kinategemea mikono na miguu yako iliamua nini katika nukta ile, na huamua yenyewe bila kukuuliza. Aliyeachia usukani na kutanguliza viganja huvunjika kifundo cha mkono au kiwiko. Aliyeng'ang'ania usukani hana cha kutanguliza isipokuwa uso: kidevu, taya, meno ya mbele. Aliyejaribu kushuka kwa kurusha mguu pembeni huukanyagisha mguu huo kwenye ardhi inayokimbia, akateguka au kuvunjika kifundo cha mguu, hata goti. Kati ya wale 249, wawili katika watano walikuwa wameumia kichwa, na karibu mmoja katika watatu alivunjika mfupa. Waendeshaji walioandikwa kuwa wamevaa helmeti walikuwa 10 tu. Helmeti ya baiskeli huokoa fuvu, si kidevu, lakini meno yana daktari wake na bandia zake.

Usidanganywe na neno "mwendo mdogo". Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa, akisimamishwa ghafla, ana nguvu sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka ukuta wa karibu mita 2 na nusu. Kwa kilomita 15 ukuta huo unashuka hadi chini ya mita moja. Mwendo ukipungua kidogo, maumivu yanapungua sana.

Halafu kuna ugeni. Usukani ni mfupi na magurudumu ni mepesi, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa mkono unaifanya skuta iyumbe. Ukiinua mkono mmoja kuonyesha unakata kona, unabaki na fimbo inayocheza. Ndiyo maana skuta nyingi mpya za kukodi zimewekewa indiketa. Huko Austin, Texas, idara ya afya ya jiji ilishirikiana na taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, kuwafuatilia walioumia kati ya Septemba na Novemba 2018. Walikadiria majeruhi 20 hivi kwa kila safari 100,000. Mmoja katika watatu alikuwa akipanda kwa mara ya kwanza maishani.

Tairi nayo isipuuzwe. Mtangazaji wa Uingereza Emily Hartridge alifariki London mnamo Julai 2019 baada ya kurushwa kutoka kwenye skuta yake hadi mbele ya lori. Uchunguzi wa kifo chake ulikuta tairi haikuwa na upepo wa kutosha. Gurudumu lililo dogo tayari, likilegea, linazidi kuwa dogo.

Wazoefu hukunja magoti, wakasukuma makalio nyuma kidogo na kuangalia njia mita kadhaa mbele. Miji nayo imejaribu dawa zake. Dubai inadai kibali kwa asiye na leseni ya udereva, na kwenye njia zilizoruhusiwa mwendo haupaswi kuzidi kilomita 20 kwa saa. Oslo mwaka 2021 ilizima skuta za kukodi kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, saa za watu kutoka baa. Paris iliwauliza wananchi tarehe 2 Aprili 2023: waliojitokeza hawakufika 8 katika 100 ya wapiga kura, lakini karibu tisa katika kumi wakasema ziondoke, na skuta 15,000 hivi za kukodi zikaondoka mwisho wa Agosti.

Paris hawakuchoshwa na waendeshaji kuvunjika tu. Wenye miguu yao walichoka kukwepa skuta zilizotelekezwa njiani, na California walishayaonja hayo mapema. Kati ya wale majeruhi 249, 21 hawakuwa wakiendesha. Kumi na mmoja waligongwa na skuta. Watano walijikwaa kwenye skuta iliyoegeshwa. Watano waliobaki waliumia wakijaribu kuinyanyua.