Presha haiingizi maji kwenye mbavu

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alinipigia simu akiwa jikoni, sauti imekata tamaa. "Mwalimu, mbavu za nguruwe nimezizamisha kwenye maji ndani ya sufuria ya presha zikafunikwa kabisa, nimezipika saa nzima, na bado ni kavu. Niongeze dakika ngapi?" Nikamuuliza ni nani aliyemwambia azizamishe. Akasema kila mtu anajua: presha inayasukuma maji yaingie ndani ya nyama, basi kadiri maji yanavyozidi ndivyo nyama inavyolainika.

Kila mtu anajua. Kauli hiyo nimeisikia kwa wanaoanza kupika, nimeisikia kwa wauza sufuria, nimeisikia hata kwa wapishi ambao ningekula chakula chao bila kuuliza maswali. Kila ninapoisikia, najua kuna nyama ya nguruwe nzuri iliyoharibika mahali fulani. Nimechoka kuieleza kwa simu, kwa hiyo leo naiandika.

Ndani ya sufuria ya presha, mvuke ukishajaa na kifuniko kimejifunga, presha ni ileile kila mahali. Ni ileile juu ya nyama, chini yake, na ndani ya nyama yenyewe. Nyama mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na maji hayabonyei. Ili maji yasukumwe kuingia mahali, lazima nje kuwe na presha kubwa kuliko ndani. Hapa tofauti hiyo haipo, kwa hiyo hakuna kinachosukumwa.

Presha ina kazi moja tu: kuyazuia maji yasichemke kwenye nyuzijoto 100. Kwenye sufuria nyingi za umeme joto hupanda hadi kama 115 au 118. Zile za kuweka juu ya moto hufika 121. Basi. Mfaransa Denis Papin alipoionyesha sufuria yake ya mvuke kwa Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, mwaka 1679, alikuwa akiwaonyesha kwamba hata mifupa inalainika, na kilichoilainisha ni joto hilo lililozidi kiwango cha kawaida cha kuchemka. Nyuzijoto 15 au 18 za ziada zinaonekana ni kidogo, lakini ndizo zinazogeuza saa tatu za oveni kuwa nusu saa.

Asiyeniamini achukue mizani. Mimi nilifanya hivyo darasani, mbele ya watu waliokuwa wakibisha. Tuliweka ubavu mzima kwenye mizani: kilo 1 na gramu 200. Tukaupika, tukauacha upoe kidogo, tukaukausha maji ya juu kwa karatasi, tukaurudisha: gramu 870. Zaidi ya robo ya uzito ilikuwa imetoka. Kama presha ingekuwa inaingiza maji, mizani ingepanda. Haijapanda hata siku moja, na nimepima mara nyingi. Kile kikombe cha maji tulichotia chini kilikuwa kimeongezeka, na nyongeza yote ilikuwa imetoka kwenye nyama.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, maana kosa la maji ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni kwamba watu hawatofautishi nyama ngumu na nyama kavu. Lugha yetu inayo maneno mawili tofauti kabisa, ila mtu akifika jikoni anayachanganya, halafu anaitibu moja kwa dawa ya nyingine.

Ubavu una vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Kuna misuli, na kuna kolajeni, yaani ule ukano mweupe unaoishikilia misuli pamoja na kuigandisha kwenye mfupa. Misuli ikipata moto hujikunja na kukamua maji yake, mithili ya kitambaa kinachokamuliwa. Huanza mapema, na ikifika nyuzijoto 70 na kitu imeshakamuka sana. Kolajeni yenyewe huchelewa. Kwanza hukaza, ndipo nyama inapokuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Halafu, joto likiendelea na unyevu ukiwepo, huyeyuka polepole na kuwa jelatini. Jelatini hiyo ndiyo inayofanya mbavu ziteleze mdomoni na midomo kunatananata. Ule utamu wa majimaji tunaousifia kwenye mbavu nzuri unatokana nayo. Maji ya misuli yalishaondoka zamani.

Kwa hiyo kupika mbavu ni kungoja kolajeni iyeyuke, kisha kuacha mara moja. Usipofika, ni ngumu. Ukipitiliza, jelatini nayo huvuja kwenda kwenye mchuzi, misuli inabaki peke yake imekamuliwa, na hiyo ndiyo nyama kavu. Inakauka ndani ya mvuke. Inakauka hata ikiwa imelala ndani ya maji. Najua linasikika ni jambo lisilowezekana, lakini kuku wa mchuzi aliyechemshwa kupita kiasi kila mtu amewahi kumtafuna, na alikuwa ndani ya maji muda wote.

Namna ya kuzitambua ni hii. Shika ncha ya mfupa mmoja wa katikati, uzungushe taratibu. Mbavu ambazo hazijaiva, mfupa unakataa, nyama inajivuta nao kama mpira, na ukikata kwa kisu sehemu iliyokatwa imenyooka bila nyuzi na inang'aa. Zilizoiva vizuri, mfupa unazunguka kwa kusitasita kidogo kisha unakubali, na ukiuma, nyama inaachia pale tu ulipouma, nyingine inabaki mahali pake. Zilizopitiliza, mfupa unachomoka wenyewe ukiwa mweupe na safi, nyama inakatika nyuzinyuzi, nyuzi zinakwama kwenye meno, na unahitaji maji ya kunywa ili kumeza ingawa sosi imejaa sahani.

Nilimwambia yule mwanafunzi azungushe mfupa. Ukamtokea mkononi. Alikuwa anaomba dakika zaidi za kitu kilichopita muda wake kwa nusu saa.

Na hapa ndipo yale maji yanapoingia kwenye kesi. Sufuria iliyojaa maji hadi kufunika mbavu huchukua muda mrefu kupanda presha, na muda wote huo nyama iko motoni huku saa ya sufuria haijaanza kuhesabu. Ikimaliza, maji mengi hayo hupoa polepole mno, kwa hiyo nyama inaendelea kupikwa. Unaandika saa moja, nyama inahesabu karibu mbili. Juu ya hayo, chumvi na ladha vinayeyukia kwenye maji, ukitoa mbavu unakuta zimepauka kama zilizooshwa.

Kwa sufuria ya lita 6 natia kikombe kimoja, mililita 250, na kama maelekezo ya sufuria yako yanataka zaidi, fuata hayo. Maji yana kazi ya kutoa mvuke tu. Mvuke wa nyuzijoto 116 na maji ya nyuzijoto 116 vinaivisha sawasawa. Mbavu naziweka juu ya kile kistendi cha chuma, nimezisimamisha na kuzizungusha kufuata ukuta wa sufuria, upande wa nyama ukitazama nje. Usivuke theluthi mbili za sufuria. Usitie sosi nzito wala sukari chini, itaungua na sufuria itagoma kupanda presha.

Dakika. Najua wengi mmeruka hadi hapa. Mbavu za mgongoni, zile fupi zilizopinda, dakika 20 hadi 25 kwenye presha ya juu. Mbavu za upande wa tumboni, ndefu, zenye mafuta na gegedu, dakika 30 hadi 35. Baada ya hapo acha sufuria ishuke yenyewe dakika 10 hadi 15, kisha achia mvuke uliobaki.

Sasa niseme ambalo vitabu vya mapishi havipendi kusema: namba hizo ni za kuanzia tu. Oveni unafungua, unagusa, unaamua. Sufuria ya presha inakupikisha gizani, na unapofungua mambo yameshakwisha. Nimewahi kupika mbavu mbili za mnyama mmoja, siku moja, sufuria moja, moja ikatoka sawa na nyingine ikawa bado inavuta upande ule mnene wenye nyama nyingi. Unene wa nyama, umri wa mnyama, nyama imetoka kwenye friji au ilikuwa imekaa nje kidogo, vyote vinasogeza saa. Anayekupa dakika moja kamili kwa mbavu zote duniani anakubahatishia. Hata urefu kutoka usawa wa bahari unahusika, kwa sababu juu milimani sufuria hufanya kazi kwa joto la chini kidogo. Huko ongeza dakika chache.

Dawa yangu ni kupunguza. Kama hujaizoea sufuria yako, toa dakika 5 kwenye namba niliyokupa. Ukifungua na mfupa unakataa, funga tena, mpe dakika 5. Sufuria iliyo moto hupanda haraka. Nyama ngumu ina njia ya kurudi. Nyama kavu haina, na hakuna sosi itakayoirudisha.

Kuhusu kuachia mvuke ghafla, nimebadilika kidogo. Sababu ya kungoja ni ya kweli: nyama iko juu ya nyuzijoto 100, ukifungua vali presha inaporomoka, na maji yaliyomo ndani ya nyama yanachemka hapohapo yakitafuta njia ya kutoka. Miaka yote nilifundisha kwamba hilo ndilo linaloharibu mbavu. Kisha nikaanza kupima, mara nikiachia ghafla, mara nikingoja, na tofauti ya uzito ikawa ndogo kuliko nilivyokuwa nahubiri. Bado nangoja, kwa sababu mbavu zilizoachiwa ghafla hupasuka kwenye nyufa za nyama na kuachana na mfupa vibaya, na kwa sababu zile dakika za kushuka nimeshazihesabu kama sehemu ya mapishi. Ukiamua kuachia ghafla, basi ongeza dakika kadhaa za presha. Usichukue dakika za mtu aliyengoja ukazitumia bila kungoja, halafu ukalalamika kwamba ni ngumu.

Mengine kwa haraka. Utando ule mweupe nyuma ya mbavu, utoe. Ingiza ncha ya kisu butu kati ya utando na mfupa, inua, shika kwa karatasi maana unateleza, vuta. Hautalainika kwa dakika 25, utabaki kama ngozi. Chumvi ipake usiku wa kuamkia, kama gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo, mifupa imo kwenye hesabu. Chumvi inazama ndani ikipewa muda. Pilipili, tangawizi, kitunguu saumu kwa kiasi kikubwa vinabaki juu, kwa hiyo usijisumbue kuviloweka siku mbili. Siki ndani ya maji ya chini huleta harufu nzuri, lakini usiitegemee kulainisha.

Kukaanga kabla ya kufunga sufuria si lazima. Rangi ya kahawia na ile harufu ya nyama ya kuchoma hutokana na mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unahitaji uso mkavu na joto kali, kama 140 na kuendelea, ndipo uende kwa kasi. Ndani ya sufuria yenye mvuke, joto haliwezi kufika huko na uso haukauki. Ndiyo maana mbavu hutoka zikiwa za kijivu, na watu wanadhani wamekosea. Hawajakosea, kazi imebaki kidogo. Zitoe kwa uangalifu ukitumia koleo mbili, ziache wazi dakika 10 mvuke uondoke na uso ukauke, zipake sosi, kisha ziweke chini ya moto wa juu wa oveni au juu ya makaa dakika 3 hadi 5. Usiondoke. Sosi yenye sukari hupita kutoka kahawia hadi nyeusi wakati unajibu simu.

Ule mchuzi wa chini usiumwage. Uchuje, uweke kwenye friji hadi kesho yake. Mafuta yatakuwa yameganda juu kama kifuniko cheupe; yaondoe, na chini utakuta mchuzi umekamatana kama jeli, ukitikisa bakuli unatetemeka. Ukiwa umeganda imara sana, mbavu zako zilipitiliza kidogo, jelatini imehamia huku. Punguza dakika 3 safari ijayo, na mchuzi huo chemsha bila kufunika hadi upungue nusu, utie kwenye sosi. Mwanafunzi wangu aliniambia wa kwake uligandika hadi kijiko kikasimama.