"Kaibiwa!" na maneno mengine ya banda umiza

Mi ngumi naangalia toka niko shule ya msingi, na banda umiza letu hapa Temeke, kile kibanda tunacholipia kuangalia ngumi kwenye TV, nimelizoea mpaka najua benchi lipi mguu wake mbovu. Sasa kuna neno moja kila pambano likiisha kwa pointi lazima ulisikie, "kaibiwa!", haijalishi nani kapigana na nani, haijalishi hata kama anayelia alikuwa nje anavuta sigara raundi nne nzima. Siku hizi naenda na daftari, haya ya shule ya mistari, nachora safu mbili naandika pointi mwenyewe raundi kwa raundi, wananicheka wananiita jaji wa Riyadh, lakini hilo daftari ndo limenionesha kwamba mengi tunayopiga kelele pale hayako hivyo.

"Aliyemwangusha mwenzake ndo mshindi"

Hii ndo baba lao. Oktoba 2023, Riyadh kule Saudia, Francis Ngannou wa Cameroon, mtu katoka kwenye MMA (ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja), hajawahi kupigana masumbwi ya kulipwa hata siku moja, raundi ya 3 anamlaza Tyson Fury, Mwingereza bingwa wa uzito wa juu, kwa mkono wa kushoto. Banda zima juu, mtu kamwaga soda ya mwenzake hata hasemi samahani. Halafu mwisho Fury anapewa, majaji wawili kwa mmoja, unaona sasa, Mwafrika kaibiwa.

Haya tupige hesabu. Kila raundi ni mtihani wake, mshindi wa raundi anachukua 10 na mwenzake 9, ukiangushwa unakatwa moja ya ziada inakuwa 10-8. Basi, ni hiyo moja tu. Pambano lilikuwa raundi 10. Jaji aliyeandika 95-94 kwa Fury kampa Fury raundi 6, Ngannou 4, na kwenye hizo 4 imo ile ya kuangusha. Mwingine kaandika 96-93, yaani 7 kwa 3. Wa tatu kaona 5 kwa 5, na ndo huyo peke yake ambaye ule mwanguko ulimfanyia kazi Ngannou, 95-94 kwake. Kwahiyo kumwangusha mtu mara moja hakufuti raundi sita unazopigwa jebu (ngumi ya mkono wa mbele) unaangalia. Daftari langu mi lilisema Ngannou kwa pointi moja, niliumia usiku ule, lakini kupishana pointi moja na jaji huwezi ukasema ni wizi.

"Mbona hakugusa chini, refa anahesabu nini?"

Mei 18, 2024, pambano la kwanza la Oleksandr Usyk wa Ukraine na Fury. Riyadh na Dar saa ni ileile kwahiyo lilikuwa usiku wa manane kweli, watu wana usingizi, mpaka raundi ya 9 Usyk anampata Fury na mkono wa kushoto na yule mtu mzima na urefu wake wote anaanza kutembea kama katoka kilabuni, anagonga kamba upande huu, anadundia upande ule, miguu haimtambui. Refa Mark Nelson anaingia katikati anaanza kuhesabu. Bandani vurugu, "anahesabu nini huyu wakati jamaa kasimama?"

Kanuni ndo inavyosema: kama kilichokuzuia usianguke ni kamba, umeanguka. Refa anakuhesabia kama mtu aliyelala. Na hiyo hesabu moja ndo iliyoamua ubingwa wa dunia nzima wa uzito wa juu, sitanii. Kadi za majaji zilitoka 115-112 Usyk, 114-113 Usyk, 114-113 Fury. Ukirudi nyuma ukaifanya raundi ya 9 iwe 10-9 ya kawaida, ile kadi ya kati inakuwa 114-114, jaji mmoja kwa Usyk, mmoja kwa Fury, mmoja katikati, DROO. Mi nililigundua hilo asubuhi yake nikiwa na chai mkononi na daftari mezani, nikampigia jamaa yangu wa Mbagala nimwambie, akakata simu, kumbe ndo kwanza amelala.

"Anayesogea mbele ndo anayeshinda"

Hapa walikwama wengi Septemba 2025, Canelo Alvarez wa Mexico na Terence Crawford wa Marekani pale Las Vegas. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, vitumbua vya moto, watoto wanaenda madrasa. Canelo anasogea, anarusha nzito, nyingi zinaishia kwenye mikono na mabega, Crawford anarudi hatua moja anampiga mbili anatoka pembeni. Kwa mtu anayeangalia kwa mbali Canelo ndo bosi. Lakini majaji wanatafuta kwanza ngumi safi, iliyofika ilipotakiwa kufika, halafu kushambulia kwenye faida, kujilinda, na nani anampangia mwenzake apigane vipi. Kusogea mbele huku ngumi zako zinaishia hewani hakukupi kitu, ni mazoezi ya kutembea. 116-112, na 115-113 mara mbili, majaji wote watatu Crawford. Miezi mitatu baadae akatangaza anastaafu, mapambano 42 hajapoteza hata moja.

Na hapohapo ndo inakufa ile nyingine ya "mkubwa lazima ampige mdogo". Crawford alitoka uzito wa kilo karibu 70 akaenda kupigania kilo 76, na huko chini alikokulia alianzia kwenye kilo 61. Usyk na Fury la marudiano, Desemba 2024, Fury alipanda mzani na paundi 281, Usyk 226 na nguo zake mwilini, tofauti ya kilo 25 hivi, sawa na mfuko wa mchele, na Usyk kashinda 116-112 kwa majaji wote watatu.

Ila msinielewe vibaya, uzito ni kitu. Madaraja hayakuwekwa kwa urembo. Mwaka 2024 Ryan Garcia alitakiwa awe paundi 140 akaja 143.2, akamwangusha Devin Haney mara tatu, watu wakaimba, mi nikasema subirini, na kweli baadae vipimo vikaonesha dawa iliyokatazwa ushindi ukafutwa. Na Desemba 2025 Jake Paul, yule wa YouTube, kaenda kupigana na Anthony Joshua pale Miami, mtu wa uzito wa juu kweli na bingwa wa zamani, raundi ya 6 kwisha habari, akatoka na taya lililovunjika. Mdogo anamshinda mkubwa kama ujuzi wake umemzidi mkubwa mbali sana, ukikosa huo ujuzi unaenda kuvunjwa taya tu.

Kuhusu Jake Paul na Mike Tyson, Novemba 2024, bado kuna watu wananiambia "Tyson aliuza". Jamani, mzee ana miaka 58 anapigana na kijana wa 27, raundi 8 za dakika mbili mbili badala ya tatu, glovu za wakia 14 wakati uzito wa juu huwa wanavaa za wakia 10. Huyo hana haja ya kuuza. Miguu yenyewe iligoma toka raundi ya 3, mchawi unamtafuta wa nini.

"Kajilaza, ngumi yenyewe ya tumbo"

Aprili 2023, Gervonta Davis na huyohuyo Ryan Garcia. Raundi ya 7 Davis anampiga ya mbavuni, Garcia anarudi nyuma hatua kadhaa kama hajapata kitu, halafu goti chini. Akahesabiwa mpaka kumi amekaa vile. Bandani matusi, "kalipwa huyo!" Ila mtu aliyewahi kupigwa ya ini anajua. Mi nilipigwa moja kwenye sparingi (mazoezi ya kupigana) nikiwa na miaka 19, na kijana mwembamba ambaye nilikuwa namdharau. Kwanza husikii kitu. Sekunde moja hivi unajiona mzima, unajiuliza mbona hajaniumiza, halafu kitu kinakukaba kutoka ndani, pumzi haishuki haipandi, miguu inakaa chini yenyewe hujaiambia. Kichwa kizima kabisa, unamsikia kocha anakuita jina, unamwona, huwezi kumjibu. Ya kichwa unaweza kuamka hujui uko wapi ukaendelea kupigana, ya ini unajua vizuri uko wapi na huwezi kunyanyuka. Toka siku ile sijawahi kumwita mtu kajilaza kwa ngumi ya upande wa kulia chini ya mbavu.

"Refa kasimamisha mapema"

Hii sina utani nayo. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kuipata kwenye ngumi, Julai 1994 alikuwa Las Vegas anapigana na David Gonzalez. Raundi ya 9 refa akasimamisha. Wangila mwenyewe alilalamika, kwamba yuko sawa, angeendelea. Alivyofika chumba cha kubadilishia nguo akaanguka, na hakuamka tena. Kwahiyo mtu anapolalamika yuko fiti kusimamishwa, kulalamika kwake si ushahidi wa chochote, ubongo uliogongwa haujui kama umegongwa. Na glovu hazisaidii hapo kama watu wanavyodhani, glovu na bandeji za ndani zinalinda mifupa ya mkono wa anayepiga, ndo maana anaweza kupiga kichwa raundi 12 nzima. Ngumi kavu angeshavunja vidole raundi ya pili.

"Ugenini bila KO hupewi"

Kuna ukweli nusu, sikatai, majaji ni watu na kelele za nyumbani wanazisikia. Ndo maana watu wanampenda Mwakinyo wa Tanga kwa kile alichofanya Birmingham Septemba 2018, alimmaliza Sam Eggington raundi ya 2, hakumwachia jaji kazi. Lakini Fatuma Zarika wa Kenya Oktoba 2016 alienda Michigan, Marekani, akachukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC kutoka kwa Alicia Ashley kwa POINTI, majaji wawili kwa mmoja, tena mbele ya watu wa mwenzake. Hilo la Zarika nikilitaja bandani wengi wanalisikia kwa mara ya kwanza, na inaniuma, maana Mandonga na Sugunyo yake (jina alilolipa ngumi yake) wanaijua mpaka watoto wa chekechea.

"Bingwa ni yule aliyempiga bingwa"

Ingekuwa hivyo raha. Usyk alichukua mikanda yote minne ya mashirika makubwa ya ngumi Mei 2024, mwezi uliofuata ule wa IBF akauachia na Daniel Dubois akaamka bingwa bila kumgusa. Dubois akautetea kwa kumlaza Joshua raundi ya 5, sawa, akauhalalisha, halafu Julai 2025 pale Wembley Usyk akaja kuuchukua wake, raundi ya 5 vilevile. Novemba akauachia wa WBO, ukaenda kwa Fabio Wardley. Ukiona bango la pambano limeandikwa ubingwa wa dunia angalia kwanza herufi, WBA, WBC, IBF, WBO, kama haimo hata moja basi uliza vizuri kabla hujatoa hela ya kiingilio.

"Likishatangazwa lipo"

Fury na Joshua. Mei 2021 Fury katoka kwenye video kasema ni Agosti, Saudia, kila kitu tayari, bandani tukaanza kuchangishana kabisa. Kesho yake tu kesi ya usuluhishi huko Marekani ikaamua lazima kwanza apigane na Deontay Wilder wa Marekani mara ya tatu, akapigana naye Oktoba akamlaza raundi ya 11, na la Joshua likayeyuka. Toka hapo kila mwaka kuna mtu ananiletea simu ananiambia safari hii kweli kaka, soma hapa.

Ukurasa wake kwenye daftari nilishauchora mwaka uleule, FURY upande wa kushoto, JOSHUA kulia, mistari 12 ya rula. Karatasi imeanza kuwa ya njano na kuna doa la chai kwenye raundi ya 4.