Ultrasaundi tatu, tarehe tatu za kujifungua: nishike ipi?

Nimepiga ultrasaundi mara tatu na kila moja imenipa tarehe yake. Ipi ni sahihi?

Ya kwanza, mradi uliifanya mapema. Wajawazito wengi hushika ya mwisho, kisha tarehe ikipita bila uchungu kuanza, nyumba nzima inaingia hofu. Kipimo cha kabla ya wiki 14 hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Cha wiki 16 hadi 21 kinaweza kukosea kwa siku 10 hivi. Baada ya wiki 28, tofauti hufika hata wiki 3, mbele au nyuma.

Mbona kipimo cha mapema ndicho sahihi, na mtoto bado mdogo hivyo?

Kwa sababu wakati huo watoto karibu wote hukua kwa kasi moja, mama awe mrefu au mfupi. Hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, miguu haihesabiwi. Wiki ya 8 ni kama milimita 16. Wiki ya 12 ni kama 54. Kwa kuwa huongezeka zaidi ya milimita moja kwa siku, wiki moja tu inaonekana wazi kwenye picha.

Urefu huo ukipita milimita 84, hupimwa upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na mfupa wa paja. Kadiri miezi inavyosonga, kila mtoto anafuata njia yake: kuna maumbile ya ukoo, kuna kisukari cha mama kinachoweza kumnenepesha, kuna presha inayoweza kumdumaza. Mashine haiujui umri wa mtoto. Inapima ukubwa wake. Karatasi ikiandika "wiki 33", maana yake ni kwamba mtoto ana ukubwa wa kawaida wa wiki 33.

Hili naomba lieleweke vizuri. Tuseme picha ya mapema inaonyesha kwamba leo mimba ina wiki 36, na picha ya leo inasoma 33. Tukibadilisha tarehe, huenda tumemficha mtoto aliyedumaa, anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu. Tarehe ikishathibitishwa mapema, haibadilishwi. Vipimo vinavyofuata vinatuambia mtoto anakuaje.

Nakumbuka hedhi yangu ya mwisho. Bado nahitaji picha?

Ndiyo. Siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ni hesabu nzuri kwa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba. Lakini wapo walioshika mimba wakinyonyesha, au muda mfupi baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango. Kati ya wiki ya 9 na ya 13, picha na hedhi zikipishana kwa zaidi ya siku 7, tarehe ya picha ndiyo hufuatwa. Zikipishana kwa wiki moja au chini yake, hedhi inabaki.

Picha inasema wiki 8, lakini mume wangu alirudi safari wiki 6 zilizopita. Inakuwaje?

Hakuna tatizo lolote hapo, dada. Umri wa mimba huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho, wiki 2 hivi kabla ya mimba kutungwa. Mimba ya wiki 8 ilitungwa kama wiki 6 zilizopita. Wapimaji wangelieleza hili mapema, ugomvi mwingi usingetokea.

Je, mionzi yake inamdhuru mtoto?

Ultrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti.

Nimeanza kliniki nikiwa na miezi saba. Nimeshachelewa?

Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa 2016, linashauri picha moja kabla ya wiki 24. Hata hivyo nenda. Mwambie mkunga tarehe ya hedhi kama unaikumbuka, na lini mtoto alianza kucheza. Daktari anaweza kurudia kipimo baada ya wiki 2 au 3 kuona mtoto ameongezeka kiasi gani. Na kama una karatasi ya ultrasaundi ya zamani, hata iliyochakaa, ibebe pamoja na kadi yako.